Maswali ya dahalia: saini za ibada, bumu na ndoto za ndoa

Barua za mara hii ni nyingi kwa sababu vyuo vinakaribia kufungua. Wengi mnavuka maji kwenda Bara, wachache mnabaki hapa Unguja kwenye vyuo vya makanisa. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Za "Mwalimu, ada kiasi gani?" na "Mwalimu, tunaripoti lini?" nimeziweka kando zote. Chuo kimekutumia fomu ya kujiunga. Ada imo, akaunti ya kulipia imo, tarehe imo, hata idadi ya mashuka imo. Isome yote kabla hujanyanyua simu, kisha ukae na mzazi wako muisome tena, kwani mwisho wa fomu ile pana mahali pa kutia saini. Ukishatia saini, umekubali kila kilichoandikwa juu yake. Miaka yote niliyokuwa mlezi wa dahalia, ugomvi mwingi niliouamua ulianza kwa mtu kusaini asichokisoma.

Shikamoo Mwalimu. Chuoni kwetu ibada ya asubuhi ni lazima na kuna karatasi ya mahudhurio. Mimi nasoma usiku, asubuhi nakuwa nimechoka, kwa hiyo rafiki yangu ananisainia. Hii ni dhambi, au ni kosa la kanuni za chuo tu? — Mwaka wa pili, Unguja

Marahaba. Umeligawa swali mafungu mawili ili upate pa kupenyea katikati, na mimi sitakupa. Ni uongo ulioandikwa kwa wino, na umemtia rafiki yako ndani yake.

Karatasi hizo nimezikusanya na kuzisoma. Majina mawili yanafuatana, wino ni uleule, herufi ya kwanza imepindwa vilevile, na ukipita dahalia unakuta ndala za mwenye jina ziko mlangoni na yeye kajifunika shuka mpaka utosini. Msidhani walezi hawaoni. Wengine wananyamaza kwa kukuoneeni huruma, wengine wanasubiri siku utakapokuja kuomba barua ya kukudhamini kazini.

Kinachoniuma ni huko mbele. Aliyezoea kusainiwa ibada atasainiwa na kipindi, kisha mazoezi ya kufundisha, kisha siku moja yeye ni mwalimu wa skuli huko Makunduchi na anajaza buku kwamba amefundisha somo ambalo hakuingia darasani. Mkiwa wauguzi itakuwa ni karatasi ya dawa ya mgonjwa. Mkono ni huohuo.

Wakuu wa vyuo nao nawaambia, ingawa hawakuniuliza: daftari la mahudhurio kaeni nalo darasani, maabara na mafunzo ya vitendo. Ibada iacheni mlango wazi. Mkihesabu vichwa kwenye sala mtapata vichwa, na pamoja navyo mtapata kizazi kinachojua kughushi saini. Lakini hilo ni la kwao kulibadili. Wewe uliingia chuo ukiijua kanuni, na mpaka ibadilishwe ni juu yako kuitimiza au kwenda kwa kasisi wa chuo ukamwambia kwa mdomo wako kwamba umeshindwa.

Kuhusu usingizi: lala saa nne. Sisi tunaishi Unguja, adhana ya alfajiri itakuamsha hata wewe Mkristo, na saa zile kabla jua halijatoka ndizo tulivu kuliko zote. Soma wakati huo, oga, nenda ibada. Huo usomaji wa usiku mnaonitajia nimeuona: nusu yake ni simu.

Mwalimu, niombee. Mtihani ni wiki ijayo na sijasoma kitu. — Mbweni

Nitakuombea ukikaa kitini ukaanza sasa hivi.

Mhubiri wa ushirika wetu anasema bumu likiingia tu nitoe fungu la kumi kabla ya kitu chochote, la sivyo nitafeli. Nina deni dukani na bado sijanunua vitabu. Nifanye nini? — Mwanafunzi wa ualimu

Lipa dukani kwanza. Yule mwenye duka alikupa mchele na sabuni kwa kukuamini, na yeye ana watoto.

Sasa nisikilize vizuri. Bumu ni mkopo. Hukulifanyia kazi, hukulivuna, umekopeshwa ili ule, ulale na usome. Ukishaajiriwa, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu itakukata asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi mpaka deni liishe. Mliokopeshwa na bodi ya hapa Zanzibar, someni mkataba wenu mjue masharti yake, na msinilete swali hilo kabla hamjausoma. Fungu la kumi hutolewa katika pato. Deni si pato. Siku utakapopata mshahara wako wa kwanza toa, tena utoe kwa furaha, na siku hizi ukiwa na kidogo cha kwako, hata cha kufuma vitambaa au kufundisha watoto tuisheni, toa katika hicho.

Huyo anayekutisha kwamba utafeli usipotoa, mkimbie. Mimi ni Mkristo, nimelelewa kanisani, na sijapata kusikia kasisi mwenye adabu ya kazi yake akimfuata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wiki ambayo bumu limeingia. Mwangalie na jambo jingine: sadaka inakwenda kwenye sanduku la kanisa linalohesabiwa na watu zaidi ya mmoja, au inakwenda kwenye namba yake ya simu? Kama ni namba yake, mpelekee mlezi habari hiyo leo. Nimewaona wasichana wakishinda na chai ya rangi na kipande cha boflo mpaka mwisho wa muhula kwa sababu ya watu wa namna hii, na wao wakaendelea kupendeza madhabahuni.

Assalaam aleikum Mwalimu. Nimechaguliwa kusomea uuguzi chuo kikuu cha kanisa, Dodoma. Baba hataki, anasema nitabatizwa na kuvuliwa hijabu. Mimi naitaka kazi hii tangu mdogo. — Binti wa Wete

Waaleikum salaam, mwanangu. Barua yako nimeirudia kuisoma. Naomba baba naye aisome hii.

Mzee wangu, vyuo vikuu vya makanisa nchini vinapokea wanafunzi wa dini zote. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana cha Waanglikana pale Dodoma, kilichoanza mwaka 2007 katika majengo ya iliyokuwa skuli ya Mazengo, na cha Mtakatifu Agustino cha Wakatoliki kule Mwanza, vyote viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu kama vilivyo vya serikali na vya Waislamu. Uhuru wa mtu kuabudu umo katika ibara ya 19 ya Katiba ya Muungano. Tena ubatizo wa mtu mzima hauji kwa kupitiwa: makanisa haya humfundisha mtu kwanza kwa muda mrefu, naye huomba mwenyewe mbele ya watu. Hakuna anayelala Muislamu akaamka Mkristo kwa kukaa bweni moja na wenzake.

Wasiwasi wako wa mzazi hata hivyo nauheshimu, na dawa yake ni kuuliza mapema na kwa maandishi. Binti aandikie ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Aulize kanuni ya mavazi inasema nini juu ya hijabu, darasani na wodini, maana sare ya wodi ina masharti yake ya usafi na mikono. Aulize kama ibada ni ya lazima kwa wasio Wakristo. Aulize mitihani ikiangukia Ijumaa mchana inakuwaje, na jiko linafanyaje Ramadhani. Jibu likija, liwekeni. Likikukerani, mtajua kabla ya kulipa ada. Kwa swala ya Ijumaa, Dodoma mjini upo Msikiti wa Gaddafi, mkubwa mno, na dada zetu wa Kiislamu wanaosoma huko ni wengi.

Na hili nalisema bila kuulizwa. Mara ngapi tumekaa kwenye baraza ya hospitali na wake zetu na binti zetu tukitamani wapokewe na muuguzi mwanamke, anayejua lugha yetu na staha zetu? Anatoka wapi huyo kama kila anayetaka kusoma anarudishwa gatini kwa habari za vijiweni? Mzee, panda naye boti, mpeleke mwenyewe, kione chuo, ongea na mlezi uso kwa uso, ndipo uamue. Nayasema hayahaya kwa wazazi Wakristo wanaokataa watoto wao wasisome vyuo vya Kiislamu hapa kwetu.

Kijana wa ushirika ananiambia ameonyeshwa ndotoni kwamba mimi ni mke wake. Mimi simpendi, ila naogopa kupingana na Mungu. — Mwaka wa kwanza

Mungu akitaka kukuoza, wewe mwenyewe hatakuruka akampa habari jirani. Mwambie: "Kaka, mimi sijaonyeshwa kitu." Basi, ondoka.

Barua za ndoto zinanijia kila muhula, na kila mara mwotaji ni mwanamume na anayeotwa ni msichana mgeni, mpole, aliyefika karibuni na hana ndugu karibu. Sijapata barua ya kijana aliyeota mke ni yule dada mkubwa mwenye sauti. Mkiona mpangilio huo, tumieni akili. Akikusumbua tena, akikungoja njiani, au akianza kusema mbele ya wenzako kwamba umeasi, hilo limeshatoka katika uchumba na limekuwa unyanyasaji. Andika tarehe na maneno yake, mpelekee mlezi na mama yako. Ukimya wenu ndio unaowapa nafasi.

Viongozi wa ushirika, nanyi mnajua haya na mnayaita "changamoto za vijana". Yaiteni jina lake.

Natoka Iringa, nasoma chuo cha kanisa hapa Unguja. Ramadhani mama ntilie wanafunga mchana na kantini haipiki. Nilinunua jiko dogo la umeme nikawa napika chumbani, mlezi kalichukua. Nitakufa njaa? — Mgeni

Hutakufa. Alasiri tizama barabarani: kuanzia Darajani mpaka Mwanakwerekwe watu wanauza mihogo, magimbi, chapati, maandazi, samaki wa kukaanga, mikate ya kumimina. Nunua vya leo jioni na vya kesho mchana, funika vizuri, na boflo likae akiba. Mchana kula chumbani, mlango umefunga. Usile njiani, usinywe maji kwenye daladala, usitafune mbele ya watoto waliofunga. Hujalazimishwa kufunga. Umekaribishwa katika mji ambao wengi wake wamefunga, na mgeni huangalia wenyeji wanakaaje. Jirani akikuletea sahani ya futari, na atakuletea, ipokee kwa mikono miwili na usiirudishe tupu. Tia hata ndizi mbili.

Jiko, mlezi kafanya vyema kulichukua, na angekuwa mimi ningechukua na hita. Msiniambie hamna. Kila chumba kina ile hita ya chuma ya kutumbukiza ndooni, imefichwa chini ya godoro. Nimekuta ndoo ya plastiki imeyeyuka kutoka ukingoni mpaka nusu, waya umelala sakafuni penye maji, plagi imekuwa nyeusi, na wasichana wanne wamelala fofofo chumba hichohicho kwa sababu mmoja wao alitaka maji ya moto na akapitiwa na usingizi. Waya za majengo yetu mengi ni za zamani. Hazikuwekwa kwa ajili ya majiko manne ghorofa moja. Na pale dahalia inapotumia umeme wa TUKUZA, ule wa kununua kabla ya kutumia, mmoja akichemsha maharage usiku wa kuamkia mtihani, wenziwe wote wanasoma kwa tochi za simu. Maji ya moto hapa Unguja unayatakia nini? Oga ya baridi. Ukiugua, nenda jikoni ukaombe.

Tunaomba utueleze kwa kina historia ya Kanisa la Mkunazini na umuhimu wake, kurasa tano, kabla ya Ijumaa. — Kundi la wanafunzi watano

Watano! Na kanisa lenyewe mnaweza kulifikia kwa miguu kutoka Darajani.

Kazi yenu sitaifanya, na mwalimu wenu akisoma gazeti ataona mlichoniomba. Nitakupeni misumari ya kutundikia, kwa sababu kila mwaka naletewa makosa yaleyale. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Waanglikana, walihamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, na mwaka huohuo, siku ya Krismasi, likawekwa jiwe la msingi la kanisa hili pale soko lilipokuwa. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, huyuhuyu aliyeandika sarufi ya Kiswahili. Alifariki mwaka 1882 na kaburi lake liko nyuma ya altare. Minara Miwili ya Shangani ni kanisa jingine, la Wakatoliki, lililojengwa miaka ya 1890. Tafadhali msiniletee tena picha ya Minara Miwili mkaandika Mkunazini.

Mkitaka umuhimu, msiutafute katika mawe peke yake. Tafuteni habari za chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani. Ndicho chuo cha Kikristo cha kwanza cha namna yake kisiwani kwetu, na wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa vijana waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. John Swedi alikuwa mmoja wa watoto wale waliopokewa mwaka 1864, akawa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni, akapadirishwa mwaka 1890. Vijana wa misheni walijifunza na kuchapa vitabu kwa mikono yao, herufi kwa herufi. Mtu aliyetoka ndani ya jahazi hana baba wala mama alijifunza kuandika kazi yake mwenyewe, na ninyi mna maktaba na simu, mnanipelekea mimi.

Nendeni kesho asubuhi. Ingieni kanisani, mwongozaji atakuonyesheni nguzo zilizosimamishwa juu chini upande wa mlango wa magharibi, na msalaba uliochongwa kwa mti ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake huko Zambia. Kisha tokeni nje, simameni kwenye lile shimo la kumbukumbu, watu watano wa mawe na mnyororo shingoni. Kila mmoja wenu aandike ukurasa wake mmoja wa alichokiona. Kurasa tano hizo.

Naimba kwaya. Mazoezi ni kila siku mpaka saa tano usiku na alama zimeshuka. Niache kwaya? — Pemba, nasoma Mwanza

Mwambie mwenyekiti wako mazoezi yawe mara mbili kwa wiki na yaishe saa tatu. Akikataa, acha. Hayati Jaji Augustino Ramadhani, mwana wa Unguja, alipiga kinanda kanisani na akafika kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, 2007 mpaka 2010. Muziki haukumzuia kwa sababu kitabu kilikuwa na saa zake.

Mwanangu ameona tangazo la chuo cha Biblia kinachotoa "shahada ya udaktari" kwa miezi sita. Wanataka nusu ya ada kwa simu. Nilipe? — Mama, Kiembe Samaki

Usilipe hata thumuni, Mama. Shahada yoyote inayotambulika nchini inatoka chuo kilichoidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, na stashahada na astashahada ziko chini ya NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi. Wote wawili hutoa orodha za vyuo na kozi. Mwambie kijana akutafutie jina la chuo humo, mkiwa mmekaa pamoja, na asikuonyeshe picha ya cheti kilichotundikwa ukutani.

Vipo vyuo vidogo vya Biblia vya kweli, vinavyofundisha wainjilisti na walimu wa Jumapili, na havikusajiliwa kwa ngazi hizo. Sivibezi. Cheti chake kitamfaa kanisani kwake kama kanisa linakikubali, ila akienda nacho kuomba kazi serikalini atarudishwa. Chuo cha aina hiyo kikiwa na watu waaminifu, watakuambia hivyo siku ya kwanza. Anayekuahidi udaktari kwa miezi sita hajakusudia kumfundisha mwanao kitu. Na kama anataka kweli kumtumikia Mungu kwa elimu, aanze na astashahada mahali panapojulikana, hata ikimchukua miaka.

Navuka kwa boti wiki ijayo kwenda chuo Iringa. Nibebe nini? — Nungwi

Orodha imo kwenye fomu. Ninaloongeza: sweta mbili na blanketi zito, maana Iringa si Nungwi, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba utalia. Vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chako cha Mzanzibari viwe kwenye mkoba wa mkononi, visiingie sandukuni. Toa nakala, mwachie mama seti moja. Usibebe godoro, nunua huko huko. Usibebe hita.